Bendi Barabarani: Maisha ya Mwanamuziki Ziarani Ufaransa

Mwanamuziki aliye ziarani na bendi yake nchini Ufaransa husimama jukwaani kwa saa moja na nusu hivi kila usiku wa onyesho. Saa nyingine zote za siku hiyo humezwa na barabara, kupakia na kupakua vyombo, kupima mitambo, kusubiri, kula, na kuutafuta usingizi katika hoteli iliyo kando ya barabara kuu. Watazamaji huziona zile dakika tisini tu, na ni haki yao, kwa kuwa ndizo walizozilipia. Lakini kazi yenyewe ni pana kuliko hapo, na nchini Ufaransa ina jambo linaloitofautisha na kazi hiyohiyo katika nchi nyingi: sheria humhesabu mpiga muziki kuwa mfanyakazi mwenye mwajiri, mshahara na bima, awe anapiga katika ukumbi mashuhuri wa Paris au katika harusi ya kijijini.

Ziara hupangwa miezi mingi kabla gari halijawashwa, mara nyingine mwaka mzima. Bendi huwa na mtayarishaji wa maonyesho, yaani kampuni au chama chenye leseni ya kuendesha shughuli za jukwaa. Msingi wa leseni hiyo ni amri ya serikali ya mwaka 1945. Mtayarishaji ndiye anayewaajiri wanamuziki na mafundi. Hutengeneza onyesho likakamilika, kisha huliuza kwa bei moja kwa mwenye ukumbi au kwa waandaaji wa tamasha. Mnunuzi hulipa bei hiyo, hutoa ukumbi ulio tayari, hugharimia chakula na malazi, na huuza tiketi kwa faida au hasara yake mwenyewe. Kwa mpango huu mwanamuziki hana sababu ya kukaa mlangoni usiku akihesabu viingilio. Mshahara wake umekwisha kuandikwa, ukumbi ujae au usijae.

Maonyesho madogo yana utaratibu wake. Mwenye baa, chama cha kijiji au familia inayomwoza binti yake si watu wa biashara ya muziki, lakini wakimwita mpiga gitaa na kumlipa, mbele ya sheria ya Ufaransa wamekuwa waajiri. Kwa ajili ya watu hao kuna dirisha moja la malipo linaloitwa GUSO. Mwajiri hujaza fomu moja, hulipa mshahara pamoja na michango yote ya pensheni, bima ya afya na fao la kukosa ajira, na mwanamuziki hupata hati yake ya mshahara kama mfanyakazi wa kiwandani. Mzizi wa haya yote ni sheria ya tarehe 26 Desemba 1969, inayosema kwamba msanii anayelipwa ili apande jukwaani huchukuliwa kuwa ameajiriwa, hata mkataba ukipewa jina gani, hata malipo yakipangwa kwa namna gani. Pengine hakuna sheria iliyowafaa wapiga muziki wa nchi hiyo kuliko hii.

Mikataba ikishatiwa saini, bendi nyingi hujifungia kwa siku kadhaa katika ukumbi mtupu. Nyimbo wanazijua tayari. Wanachokitafuta ni onyesho. Huko ndiko hupangwa wimbo upi ufuate upi, mpiga kinanda aanze lini wakati mpiga gitaa anabadilisha gitaa, taa zigeuke rangi kwenye kiitikio kipi. Kumbi nyingi za umma huwapa wasanii nafasi hiyo bila kuwatoza, na siku hizo za mazoezi hulipwa.

Ufaransa, bila kuhesabu maeneo yake ya ng'ambo, ina kilomita za mraba zipatazo 550,000, pungufu kidogo ya Kenya. Kutoka Brest, upande wa bahari ya magharibi, hadi Strasbourg kwenye mpaka wa Ujerumani, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Ndani ya eneo hilo kumbi zimepangika kwa ngazi. Ngazi ya chini ni baa na mikahawa. Ya katikati, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa ziara za bendi nyingi, ni kumbi zipatazo tisini zenye nembo ya serikali iitwayo SMAC, zinazopata ruzuku kutoka serikali kuu, mikoa na miji: La Coopérative de Mai mjini Clermont-Ferrand, Le 106 mjini Rouen, L'Aéronef mjini Lille, Le Confort Moderne mjini Poitiers na nyingine nyingi. Mwanamuziki akifika katika kumbi hizi hukuta mitambo ya sauti na taa iliyo mizima na mafundi wanaoijua. Kwa sababu hiyo bendi isiyo na jina kubwa inaweza kuzunguka nchi nzima ikiwa na vyombo vyake vya mkononi tu.

Juu yake kuna kumbi kubwa za Zénith. Wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1984 katika eneo la La Villette, Paris, wakati Jack Lang akiwa waziri wa utamaduni, kisha mikoa ikajenga za kwake. Na kuna Olympia, uliofunguliwa mwaka 1893. Tangu Bruno Coquatrix auchukue mwaka 1954 umekuwa mahali ambapo kila msanii anayeimba kwa Kifaransa hutamani jina lake liandikwe kwa taa nyekundu mbele ya lango. Edith Piaf aliimba hapo. Mwaka 1970 Tabu Ley Rochereau wa Kongo alipanda jukwaa hilohilo na bendi yake, na tangu siku hiyo wanamuziki wa Kinshasa wameuchukulia kuwa kipimo chao pia.

Kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, chombo cha kawaida ni gari la viti tisa, lile ambalo leseni ya kawaida ya udereva inatosha kuliendesha. Watu saba au wanane hukaa mbele na katikati. Nyuma hupangwa magitaa, amplifaya, dramu, nyaya na masanduku ya fulana za kuuza. Kupanga mizigo hiyo ni ujuzi. Kila kitu kina pembe yake, na aliyezoea huweza kupakia gizani. Dereva mara nyingi ni mmoja wa wanabendi au fundi wa sauti. Mwendo wa juu katika barabara kuu ni kilomita 130 kwa saa, na mvua ikinyesha hushuka hadi 110. Barabara nyingi za aina hiyo ni za kulipia, na tozo zake ni fungu la kueleweka katika bajeti ya ziara, isipokuwa mkoani Bretagne, ambako barabara kuu hazilipiwi.

Bendi kubwa husafiri kwa basi lenye vitanda, likitembea usiku wakati wanamuziki wamelala. Sheria za Ulaya zinambana dereva wake: baada ya saa nne na nusu za kuendesha lazima apumzike dakika 45, na kwa siku ya kawaida asizidishe saa tisa za usukani. Meneja wa ziara asiyezijua hesabu hizo hujikuta na bendi iliyokwama kituoni huku watazamaji wakisubiri katika mji wa pili. Wengine huchukua treni ya kasi, inayotoka Paris hadi Lyon kwa saa mbili na hadi Marseille kwa saa tatu na kidogo. Njia hiyo inawafaa wenye gitaa na tarumbeta. Mwenye seti ya dramu haimsaidii.

Kila siku ya onyesho huongozwa na karatasi moja ya safari inayotolewa na meneja wa ziara. Ndani yake kuna saa ya kuondoka, anwani ya ukumbi, jina na simu ya mpokeaji, saa ya kupima mitambo, saa ya chakula, saa ya kufungua milango, saa ya kupanda jukwaani na jina la hoteli. Siku ya wastani huwa hivi: kuondoka saa tatu asubuhi, chakula cha mchana katika kituo cha kupumzikia njiani, kufika ukumbini saa tisa alasiri, kupima mitambo kuanzia saa kumi, chakula cha jioni saa moja, milango kufunguliwa saa mbili, bendi ya utangulizi saa mbili na nusu, na bendi yenyewe saa nne kasorobo. Meneja wa ziara ndiye anayeilinda karatasi hiyo. Huamsha watu, huhesabu vichwa garini, huwapigia simu wenye ukumbi msongamano ukiwachelewesha. Bendi yenye meneja mzuri wa ziara hupiga vizuri zaidi, kwa sababu wanamuziki wake hufika na akili iliyotulia.

Kupima mitambo kunastahili kuelezwa kwa undani, maana hapo ndipo onyesho hufaulu au huharibika kabla mtazamaji wa kwanza hajaingia. Mpiga dramu ndiye wa kwanza. Fundi wa sauti, akiwa katikati ya ukumbi nyuma ya miksa, humwomba apige dramu kubwa ya mguu peke yake, pigo mojamoja, kwa dakika kadhaa. Hufuata dramu ndogo, kisha matoazi, kisha seti nzima. Baada yake besi, gitaa, kinanda, tarumbeta, na mwisho waimbaji. Wakati huohuo fundi wa pili, aliye kando ya jukwaa, hushughulika na sauti ambayo wanamuziki wenyewe wataisikia kupitia spika zinazowaelekea au vipokea sauti vya masikioni. Mwimbaji anataka kinanda na sauti yake mwenyewe. Mpiga besi anataka ile dramu kubwa. Mpiga tarumbeta anataka asiisikie gitaa hata kidogo. Ombi la mmoja likizidi humharibia jirani yake, na hapo ndipo tabia ya bendi huonekana. Wenye uzoefu huomba kupunguziwa kabla ya kuomba kuongezewa. Mwishoni hupigwa wimbo mmoja au miwili mizima. Hata hivyo fundi anajua kwamba kazi haijaisha, kwa kuwa miili ya watu mia tano na nguo zao hunyonya sauti, na ukumbi uliojaa hausikiki kama ukumbi mtupu. Wimbo wa kwanza wa onyesho ndio hukamilisha upimaji.

Kiasi cha sauti chenyewe kinasimamiwa na sheria. Amri ya tarehe 7 Agosti 2017 ilikishusha kiwango cha juu cha sauti kumbini kutoka desibeli 105 hadi 102, zikipimwa kwa wastani wa dakika 15, na ikaweka kikomo cha desibeli 118 kwa sauti nzito za besi. Tofauti ya desibeli tatu huonekana ndogo kwenye karatasi, kumbe ni kupunguza nishati ya sauti kwa nusu. Ukumbi unatakiwa pia kugawa vizibo vya masikio bure na kuwapa watazamaji mahali pa kupumzisha masikio. Kwa wanamuziki, ambao husimama karibu na matoazi na amplifaya usiku baada ya usiku, suala hili ni la riziki. Mlio usiokoma ndani ya sikio ni ugonjwa wa kazi hii, na ukishaingia mara nyingi haupoi. Wengi wa kizazi kipya hutumia vizibo vilivyotengenezwa kwa umbo la masikio yao wenyewe.

Chakula ni heshima ambayo bendi hupewa na wenyeji. Kumbi nyingi za umma zina jiko na mpishi, na nyaraka za kiufundi zinazotumwa kabla huorodhesha asiyekula nguruwe, asiyekula nyama kabisa na anayedhuriwa na karanga. Meza ya jioni hubadilika na ramani. Lille kuna nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa bia, Bretagne kuna galette zilizojazwa yai na jibini, Toulouse kuna maharage meupe yaliyopikwa polepole na nyama ya bata na soseji. Mafundi wa ukumbi, wanabendi na watu wa kujitolea hula pamoja, na ni kawaida kwa bendi kukumbuka mji kwa mpishi wake. Pombe nayo haikosekani kwenye chumba cha wasanii. Hii ndiyo hatari ya kimyakimya ya maisha ya ziara: chupa ni za bure, zipo kila usiku, na saa za kusubiri ni ndefu.

Baada ya nyimbo za nyongeza, karibu saa tano na robo usiku, kazi huendelea. Mmoja hukaa kwenye meza ya mauzo akitia saini santuri na fulana. Kwa bendi za kati mapato ya meza hiyo mara nyingi ndiyo hulipia mafuta ya gari. Wengine hukunja nyaya, hufungua dramu na kupakia gari. Hotelini hufika saa saba au saa nane usiku, damu ikiwa bado inachemka. Usingizi huchelewa, na saa tatu asubuhi gari linangurumishwa tena. Wiki mbili za mwendo huo humchosha hata kijana. Walio na watoto nyumbani hupiga simu kabla ya chakula cha jioni, kwa kuwa baada ya onyesho watoto wamelala.

Usalama wa kumbi ulibadilika baada ya tarehe 13 Novemba 2015, siku ambayo magaidi waliwaua watu 90 katika ukumbi wa Bataclan, Paris, bendi ya Kimarekani ikiwa jukwaani. Bataclan ulifunguliwa tena mwaka mmoja baadaye, na aliyeimba usiku wa kwanza ni Sting. Tangu wakati huo mikoba hupekuliwa milangoni.

Si kila siku ya ziara ni siku ya onyesho. Kumbi zinazopata ruzuku ya umma zina wajibu wa kuwafikia watu wasiofika ukumbini, na wajibu huo huwaangukia pia wanamuziki wanaopita. Asubuhi mpiga dramu anaweza kuwa darasani akiwafundisha watoto wa miaka tisa kushika mapigo. Alasiri mwimbaji yuko gerezani au katika wodi ya hospitali. Kazi hizi hulipwa, na wengi huzithamini kwa sababu huwakutanisha na wenyeji, jambo ambalo barabara kuu na hoteli haviruhusu.

Kiangazi hugeuza mambo yote. Kuanzia Juni hadi Agosti kumbi nyingi hufungwa na muziki huhamia viwanjani. Tarehe 21 Juni kila mwaka, tangu 1982, huwa Sikukuu ya Muziki, ambapo kila mwenye chombo ana ruhusa ya kupiga barabarani. Kisha huja matamasha makubwa: Eurockéennes huko Belfort, yaliyoanza mwaka 1989, Jazz à Vienne, kwenye ukumbi wa wazi uliojengwa na Warumi, Vieilles Charrues, katika mji mdogo wa Carhaix mkoani Bretagne, linalobebwa na maelfu ya watu wa kujitolea. Bendi iliyozoea saa mbili za kupima mitambo hupewa nusu saa kati yake na bendi iliyotangulia, hukagua nyaya tu, na kuanza. Jua bado liko juu, vumbi linaingia kwenye magitaa, na watazamaji wengi wamemjia msanii mwingine. Anayeweza kuuteka umati wa namna hiyo amehitimu.

Matamasha hayo ndiyo mlango waliopitia wanamuziki wengi wa Kiafrika. Musiques Métisses la Angoulême, lililoanza mwaka 1976, na Africolor, lililoanza mwaka 1989 katika vitongoji vya Paris, yaliwapa jukwaa wakati redio za Ufaransa zilikuwa hazina nafasi yao. Paris ya miaka ya 1980 ilikuwa pia makao ya Wakongo kama Kanda Bongo Man, mpiga gitaa Diblo Dibala na kundi la Quatre Étoiles, ambao rekodi zao zilizotengenezwa huko zilichezwa katika kila baa kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam.

Kisa cha Staff Benda Bilili kinaonyesha vizuri ziara inampa nini mwanamuziki na inamnyang'anya nini. Kundi hilo la Kinshasa liliundwa na waimbaji waliopooza miguu kwa polio utotoni, wanaotembelea baiskeli za magurudumu matatu walizoziunda kwa mikono, pamoja na vijana wa mitaani. Mmoja wao, Roger Landu, hupiga chombo alichokibuni mwenyewe chenye uzi mmoja uliofungwa kwenye kopo. Albamu yao ilitoka mwaka 2009, na Julai ya mwaka huo walipiga Eurockéennes, Belfort. Mwaka 2010 filamu kuhusu maisha yao ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes. Kilichofuata ni miaka ya kuzunguka Ulaya bila kituo, na mwaka 2013 kundi lilivunjika, baadhi ya waanzilishi wakaenda kuunda bendi nyingine. Ziara iliwatoa katika umaskini wa mitaani, na mizozo ya namna ya kuiongoza na kugawana mapato yake ndiyo iliyowatenganisha.

Msanii anayetoka nje ya Ulaya ana kazi ya ziada kabla ya safari. Viza ya muda mfupi humruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180, na tangu mwaka 2016 anayekuja kwa onyesho la muda usiozidi miezi mitatu hahitaji kibali cha pekee cha kazi. Ubalozi hutaka mkataba, barua ya mwaliko, tiketi ya kurudi na bima. Majina huchunguzwa sana, na historia ina sehemu yake katika hilo: mwaka 2004 mahakama ya Ufaransa ilimtia hatiani mwimbaji wa Kongo Papa Wemba kwa kusaidia watu kuingia Ulaya kwa kisingizio kuwa ni wanamuziki wake. Gharama ya kesi za namna hiyo huwaangukia wapiga muziki wa kweli, ambao mmoja akinyimwa viza bendi nzima hukosa besi au tarumbeta. Siasa za nyumbani nazo huwafuata. Kwa miaka mingi Wakongo wapinzani wanaoishi Paris walizuia maonyesho ya wasanii waliowaona kuwa karibu na serikali ya Kinshasa. Mwimbaji wa Kongo Fally Ipupa alipopiga katika ukumbi wa Accor Arena, Paris, mwezi Februari 2020, pikipiki zilichomwa moto nje, karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon, lakini onyesho lilifanyika. Mwaka 2023 alirudi na kupiga katika uwanja mkubwa zaidi wa La Défense Arena.

Mshahara wa msanii asiyeishi Ufaransa hukatwa kodi ya asilimia 15 papo hapo, baada ya kuondoa asilimia 10 za gharama zake za kazi. Mtayarishaji ndiye anayeikata na kuiwasilisha. Ni vyema msanii aombe hati ya makato hayo, ili asijikute akitozwa mara ya pili kwao. Jambo dogo la kukumbuka ni umeme: nguvu yake ni ileile ya Afrika Mashariki, lakini soketi ni za matundu mawili ya duara, na amplifaya yenye plagi ya pini tatu haiwaki bila adapta.

Tiketi inayouzwa hugawanywa kwa namna ambayo mtazamaji haioni. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 2.1 tu kwa maonyesho 140 ya kwanza ya onyesho jipya, punguzo lililowekwa makusudi ili muziki wa jukwaani uishi. Asilimia 3.5 nyingine huenda kwenye Kituo cha Taifa cha Muziki, kilichoanza kazi Januari 2020, ambacho huzirudisha kwa watayarishaji na kumbi kama misaada. Na kuna haki za watunzi. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget alikataa kulipia kinywaji chake katika mkahawa mmoja wa Paris, kwa hoja kwamba mkahawa huo ulikuwa ukipiga nyimbo zake bila kumlipa. Alishinda mahakamani, na mwaka 1851 kikazaliwa chama cha SACEM, ambacho hadi leo hukusanya mirabaha ya kila onyesho. Ndiyo maana kila usiku mtu mmoja wa bendi au wa ukumbi huandika orodha ya nyimbo zilizopigwa na majina ya watunzi wake. Orodha isipopelekwa, mtunzi hukosa fungu lake. Mwanamuziki wa Tanzania au Kenya anayepiga nyimbo zake mwenyewe Ufaransa afuatilie chama chake cha nyumbani mapema, ajue kama kina makubaliano na SACEM na kama nyimbo zake zimesajiliwa.

Msingi wa maisha yote haya ni mfumo wa wafanyakazi wa vipindi wa sanaa za maonyesho, ambao Wafaransa huwaita intermittents. Ulianza mwaka 1936 kwa mafundi wa sinema, na katika miaka ya 1960 ukawafikia wanamuziki na waigizaji. Umejengwa juu ya ukweli usiopingika kwamba mpiga muziki huajiriwa na waajiri wengi kwa siku mojamoja, na kati ya siku hizo anafanya mazoezi, anatunga na anatafuta kazi bila mshahara. Akitimiza saa 507 za kazi iliyolipwa ndani ya miezi 12, hulipwa fao la kukosa ajira kwa siku zake tupu za mwaka unaofuata. Onyesho moja lenye malipo ya jumla huhesabiwa kuwa saa 12. Zaidi ya watu 100,000 wanaishi kwa mfumo huu, na wameupigania. Mwaka 2003 masharti yalipokazwa, mgomo wao ulisababisha tamasha kubwa la michezo ya kuigiza la Avignon kufutwa. Makubaliano ya mwaka 2016 yalirudisha kipindi cha miezi 12. Korona ilipofunga kumbi mwaka 2020, serikali iliwaongezea muda wa fao hadi mwisho wa mwaka 2021, na bendi nyingi zilizosalia zilisalia kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kila mpiga muziki wa Ufaransa hubeba hesabu hii kichwani popote aendapo. Ziara ya maonyesho 30 humpa saa 360. Saa 147 zinazobaki, sawa na maonyesho 13 zaidi, huzitafuta kwa mazoezi ya kulipwa, kurekodi, kupiga na bendi nyingine, au kufundisha, ingawa kwa aliye chini ya miaka 50 saa za kufundisha zinazokubalika hazizidi 70. Akifikia 506 bado hajatimiza sharti.